Andiko la Ruzuku Hupimwa Kuanzia kwenye Bajeti

Ukipewa andiko la mradi ulipime, ukurasa wa kwanza uache kwanza. Hapo kila shirika hupendeza. Fungua mchanganuo wa bajeti, kisha rudi kwenye shughuli ukiuliza kila shilingi inakwenda kufanya nini.

Chukua mradi wa kisima cha kijiji. Maelezo yanasema wananchi watafundishwa kutunza pampu. Je, vipuri vimo? Nauli ya fundi atakayerudi baada ya miezi sita imo? Fedha ikiishia kwenye ukumbi, posho na fulana, pampu hiyo haina mwenyewe. Andiko lililoiva huonyesha hesabu: watu 12, siku 3, chakula kwa bei ya mama lishe wa palepale. Mimi hufurahi nikikuta nauli ya bodaboda imetengwa na ya basi. Aliyeandika amefika kijijini.

Kisha soma tatizo. Likiandikwa "kukosa kisima", dawa imeamuliwa kabla mgonjwa hajapimwa. Kwenye miteremko ya Mlima Meru kuna maji yenye floraidi nyingi, inayoharibu meno ya watoto na hata mifupa. Kuchimba tu bila kupima maji kunaweza kuwaongezea watu madhara. Andiko zuri linataja kipimo kabla ya mtambo.

Bangokitita, jedwali la shughuli na malengo ya mradi lililobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, huwatisha wengi bila sababu. Lisome kutoka chini kwenda juu, ukikawia kwenye safu ya dhana, maana hapo ndipo shirika hukiri lisiloliweza. Ukikuta "ushirikiano wa serikali" peke yake, safu imenakiliwa. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, maji ya vijijini Tanzania yako chini ya wakala wa serikali, RUWASA, na huduma huendeshwa na vyombo vya jamii, CBWSO. Andiko lisilovitaja limeandikwa mbali na kisima.

Viambatisho havina mjadala: cheti cha usajili na hesabu zilizokaguliwa ama vipo ama havipo.

Ukirudi kwenye bajeti, sifuri kwenye mshahara wa mhasibu isikufurahishe. Huyo asiyelipwa ndiye unayemtegemea kwa ripoti ya fedha.

Mwisho tafuta uendelevu, na udai namba: ndoo ya lita 20 itauzwa shilingi ngapi, nani atazikusanya, na zitalala kwenye akaunti gani hadi pampu iharibike.