Kugonga Shafti na Kusikiliza

Tarehe 28 Julai 2012, Boeing 787 mpya ilikuwa ikijaribiwa ardhini katika uwanja wa Charleston, Marekani, shafti ya feni ya injini yake moja ilipokatika. Vyuma vilivyotupwa nyuma viliwasha nyasi kando ya barabara ya kurukia. Magazeti yalishughulika na moto. Mimi napenda zaidi kazi iliyofuata.

Shafti ilikatikia upande wa mbele, nyuma kidogo ya nyuzi za nati. Chanzo kilikuwa ufa, na ufa wa aina hii huzaliwa pakikutana mambo matatu: chuma kinachoweza kupasuka hivyo, mazingira kama unyevu, na mvuto usiolegea. Nati iliyokazwa huvuta hata ndege ikiwa imeegeshwa. Usitegemee kuona kutu nyekundu. Ufa wenyewe huweza kuwa mwembamba kuliko unywele.

Njia ya kuugundua ni ultrasaundi, ileile wanayoijua wajawazito. Mnunuzi wa chungu sokoni hufanya vivyo hivyo: hugonga, akasikiliza. Ila mlio huu hausikiki kwa sikio. Hupita ndani ya chuma karibu kilomita 6 kwa sekunde, na mwangwi wake husomwa kwenye skrini kama vilima.

Tatizo ni kwamba kila uzi wa nati una mwangwi wake, na kila kona pia. Mashine haitofautishi kona na ufa. Mkaguzi ndiye anayepaswa kulijua umbo la shafti kabla hajaigusa, ili kilima kisichokuwemo kwenye mchoro kimshtue. Huanza na kipande cha chuma kilichochanjwa kwa makusudi, kina cha mkato kikijulikana, akairekebisha mashine hadi iuone mkato huo sawasawa. Hupaka jeli, kwani utando tu wa hewa huzuia sauti, kisha husogeza kifaa polepole, kila mpito ukilalia sehemu ya uliotangulia. Akitilia shaka, hufuta, hupaka upya, hupima tena.

Agosti, ukaguzi huo ulionyesha ufa mahali palepale katika injini ya 787 nyingine ambayo ilikuwa haijawahi kuruka. Mwezi uliofuata NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, ilitaka ukaguzi urudiwe kwa vipindi vifupi, ili ufa upimwe zaidi ya mara moja kabla haujafikia urefu wa kuikata shafti. Napenda hesabu hiyo: inamwachia hata mkaguzi hodari nafasi ya pili.