Mkono wa Kushoto: Mwongozo wa Kumpima Mpiga Kinanda, Dzaleka na Lilongwe

Katika upigaji wa piano, sifa inayowahi kumvutia msikilizaji ni kasi ya vidole, nayo ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu kasi hupatikana kwa mazoezi ya miaka michache, ilhali uzito wa mkono wa kushoto na namna kidole kinavyokiachia kibao baada ya kukibonyeza hukomaa polepole na havifichiki. Kipimo hiki kina manufaa ya pekee Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, ambako Kiswahili cha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda ndiyo lugha ya kwaya nyingi na kinanda ndicho kiongozi wa ibada.

Kabla ya kumhukumu mpigaji, sharti ala yenyewe ijulikane. Piano kamili ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na kila kibao huirusha nyundo ndogo inayogonga nyuzi, hivyo sauti hufuata nguvu ya kidole. Kinanda cha umeme kilichoenea makanisani kwa kawaida kina vibao 61, yaani oktavu tano (oktavu ni safari ya noti hadi noti yenye jina lilelile juu yake), na chini ya kila kibao mna mpira mdogo unaofikisha mguso kwenye saketi. Vumbi likiingia humo, kibao ama hunyamaza ama hupiga kelele kwa nguvu moja tu hata kikiguswa kwa upole. Ni dhuluma kumlaumu mtu kwa kosa la mpira; ajabu ni kwamba mpigaji hodari hutambulika hapohapo, kwa kuwa ndani ya ubeti mmoja huwa ameshakijua kibao kibovu na kukikwepa, akiipeleka noti ileile oktavu ya juu au kuichukulia katikati ya kodi, yaani noti tatu au zaidi zinazolia pamoja, bila wimbo kuyumba.

Kwa upande wa muziki wa klasiki, mtihani mwepesi kwa vidole lakini mgumu kwa sikio ni utangulizi wa kwanza wa Johann Sebastian Bach katika mkusanyo wake wa mwaka 1722, ambamo kodi huvunjwa noti moja moja na karibu kila kipande hurudiwa mara mbili. Mwanafunzi hupiga marudio kama nakala ya mwanzo. Aliyeiva huyafanya yawe mwangwi au msukumo, bila mizani kukimbia. Hapo mguu nao husikilizwa, kwani pedali ya kurefusha sauti, ikikanyagwa tu pasipo kuachiliwa kodi inapobadilika, huchanganya yote kuwa uji.

Jazi inadai jambo jingine. Noti mbili zilizoandikwa sawa hupigwa ya kwanza ndefu na ya pili fupi kidogo, na kiasi cha urefu huo, kisichoandikika, ndicho hubainisha aliyekulia ndani ya mtindo na aliyeusoma kitabuni. Mkono wa kushoto nao hujifunza unyenyekevu: panapokuwa na mpiga gitaa la besi, huiacha noti ya chini na kushika zile zinazoipa kodi rangi yake. Wapigaji waliotoka Kongo wana mtaji hapa, maana katika sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa huachiwa uwanja na wachezaji huchangamka, kinanda kinachojaza kila pengo huwa kimeharibu ngoma. Katika ubunifu wa papo kwa papo, basi, kinachopimwa ni kama kimya kilichoachwa kilikuwa cha makusudi.

Lipo pia suala la kitufe kinachohamisha wimbo juu au chini huku vidole vikibaki palepale. Wengi hupiga kila kitu kwa vibao vyeupe na kukiachia kitufe kazi iliyobaki. Ibada haiharibiki, ila anayejiita mwalimu anapaswa kukizima.

Kwa habari ya mwalimu, historia ya muziki wa Afrika inaonyesha kwamba kanisa, darasa na jukwaa si maadui. Ray Lema, aliyezaliwa Kongo mwaka 1946, alijifunza kinanda na muziki wa klasiki seminarini kabla ya kuwa jina kubwa la muziki wa Afrika na jazi, na Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini amefundisha Chuo Kikuu cha Fort Hare huku akirekodi jazi kwa lebo ya Blue Note. Mpigaji wa Dzaleka hana njia iliyonyooka namna hiyo: masomo ya muziki ya Chuo Kikuu cha Malawi yako mbali, Zomba, na agizo la serikali la mwaka 2023 liliwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, hata Tamasha la Tumaini la hapo kambini, lililoanzishwa mwaka 2014, likawa kwa wengi jukwaa kubwa pekee la kusikika na wageni kutoka Lilongwe. Kwa hiyo mwalimu apimwe kwa wanafunzi wake: wakipiga wote kama yeye, amefundisha mazoea yake tu.

Kipimo kigumu kuliko vyote huletwa na umeme unapokatika katikati ya wimbo. Piano ya nyuzi ingeendelea. Kinanda hunyamaza na kwaya huendelea peke yake, ikishuka taratibu kwa nusu toni bila kujijua. Umeme ukirudi, mpigaji wa kawaida huingia kwa kishindo palepale alipoachia na kuwagonganisha waimbaji na kinanda. Bingwa huinamisha kichwa, akasikiliza mstari mzima, akatafuta besi mpya kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa sauti ya chini sana, ndipo mkono wa kulia ukafuata.