Kioo cha Katikati

Aghalabu mtu anayeanza kufuga samaki wa pambo huulizia kwanza wale wapole, kama mpangaji aulizavyo chumba kisicho na majirani wenye kelele, nami nilipoweka hodhi langu la kwanza la kioo barazani nilikuwa na tamaa hiyo hiyo. Miaka imenitoa ujinga. Nimejua kwamba ustadi wa kazi hii ni kuujua ugomvi na kuupa mahali pake pa kukaa, na walimu wangu katika elimu hiyo wamekuwa ni sikilidi wadogo wa Ziwa Tanganyika, ukoo mmoja na sato na perege, ukoo mmoja pia na kuhe, yule mkubwa ambaye watu wa Kigoma humla kwa ugali pasina kuwaza kwamba binamu zake wa ukubwa wa kidole husafirishwa Ulaya kwa ndege ndani ya mifuko ya maji.

Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, ila hawa hawana shughuli na kilindi. Makazi yao ni ya kandokando, penye miamba, au penye mchanga uliotapakaa makombe ya konokono waliokufa zamani. Yuko mmoja, aliyeandikwa na mwanachuoni Steindachner mwaka 1909, aitwaye Lamprologus ocellatus, ambaye dume wake hufika kama sentimita 5 na jike ni mdogo kuliko hivyo, na milki yake yote duniani ni kombe. Mtazame anavyolishughulikia: huchota mchanga kwa kinywa chini ya kombe, akautema kando, akarudi, akachota tena, mara makumi kwa makumi, hata kombe likazama na mlango wake ukaelekea juu, kisha huligeuzia mkia na kulirushia mchanga kwa mapezi mpaka kikabaki kitundu tu, usawa wa ardhi. Makombe ya ziada huyafukia kabisa, asije mwingine akayatamani. Ukitia kidole kuokota jani lililooza, samaki huyu ambaye uzito wake haushindi wa sarafu hutoka akakuuma, akangoja uondoke, na usipoondoka hukuuma tena.

Ghadhabu ya namna hii ndiyo mtihani wa mfugaji anayejifanya mshenga. Dume aliyekwisha kushika mahali, ukimtilia jike mgeni, haoni mchumba, huona mvamizi. Jike hufifia rangi, hukunja mapezi, huinama, dalili zote za kuomba amani ambazo ziwani zingetosha kwa kuwa zingefuatwa na kukimbia, na mwenye kukimbia ziwani hupotea machoni papo hapo. Ndani ya hodhi la nusu mita hakuna pa kupotelea; aliyeshindwa huendelea kuonekana, na kuonekana kwake ni uchokozi mpya. Kwa hiyo mafundi hawaozeshi kwa nguvu. Hununua watoto 6 au 8, wakawakuza pamoja, wakawaacha wapimane kwa kutunisha mapezi, kutetema na kushikana vinywa, mpaka siku watakapowaona wawili wameketi pembe moja na wengine wote wamesongamana juu, pembe ya pili. Hapo ndoa imepita, na wale wengine huondolewa upesi wasiuawe. Na hapo ndipo huanzia msiba wa pili.

Msiba huo aliueleza Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria wa tabia za wanyama, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya uchokozi. Dume mwenye jirani wa kugombana naye huwa na staha kwa mkewe: humjia kwa kishindo kama atakayempiga, kisha akampita ubavuni, na hasira yote ikamwangukia jirani. Jirani akiondolewa, hasira haiondoki pamoja naye, humrudia mke. Basi Lorenz akaweka jozi mbili za samaki wa Bara Hindi, Etroplus maculatus, katika hodhi moja lililogawanywa kwa kioo, kila mmoja akapata adui wa kumtolea ukali bila ya kumfikia. Naye asimulia kwamba mara nyingi walitambua kioo kimefunikwa na mwani kwa kuona mume na mke wameanza kugombana. Kikisafishwa, nyumba hutulia. Nilipoyasoma hayo nilicheka, nikidhani ni mzaha wa mtu aliyechoshwa na maabara. (Wala sitaki msomaji ayapeleke kwenye nyumba za watu, samaki wananitosha.)

Kicheko kiliniisha nilipofuga jozi ya Julidochromis marlieri, samaki wa miamba, ambao kwao jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye kauli. Walikaa miezi mingi chini ya jiwe moja kwa amani, hata watoto wakawa wanachungulia nyufani. Kuelekea Idi, kwa ajili ya wageni, nikayatoa mawe yote, nikayasugua, nikayapanga upya vizuri kuliko kwanza. Kosa ni langu peke yangu, maana wafugaji wa samaki hawa wote hujua kwamba unyumba wao umefungamana na mawe, na mwenye kuyahamisha huwakutanisha wawili hao kama wageni. Hata alasiri dume alikuwa amejibanza nyuma ya mrija wa pampu, mkia umechanika kama ukuti wa mnazi, na jike anapita mbele yake taratibu, amesimamisha mapezi yote.

Nilimtenga dume akapona. Kabla ya kumrudisha nilimwendea fundi wa madirisha akanikatia kioo, nikaligawa hodhi, na upande wa pili nikatia jozi nyingine ya aina hiyo hiyo. Jike wangu alipowaona alikwenda moja kwa moja akakigonga kioo kwa kinywa, na aliporejeshewa mumewe hakuwa na wasaa naye.

Sasa kila Ijumaa asubuhi hukipangusa kile kioo cha katikati kwa kitambaa, pande zote mbili. Mawe siyagusi. Yameota utando wa kijani, na wageni wa Idi huniuliza kwa nini siyasugui.