Mabao Mawili Yaliyopotelea Mezani

Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma iliichapa Al Ahli Tripoli 2-0 jijini Dar es Salaam, kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, halafu haikutokea Benghazi kwa marudiano. Walibya wakapita bila kugusa mpira. Tangu hapo wapenzi wa timu, kuanzia Kiabakari hadi Bunda mkoani Mara, wanaambiwa ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya hata kidogo. Kuingia mechi ya kwanza huku safari ya marudiano haijakamilika ni uamuzi, na ulikuwa uamuzi mbovu kuliko wowote katika historia ya klabu hii.

Uangalie ushindi ule ulivyokaa. Timu haikuruhusu bao nyumbani, na sheria ya bao la ugenini ilikuwa bado inatumika. Bao moja tu Benghazi lingewalazimisha wenyeji kufunga manne. Al Ahli wangelazimika kufunguka na kupandisha mabeki wa pembeni, na nyuma yao pangebaki uwazi ambao timu ya kushambulia kwa kushtukiza huomba usiku na mchana. Hapo imebaki hatua moja ya mchujo kufika makundi. Mtaji wa namna hiyo hauachwi uwanja wa ndege.

Utetezi ni kwamba klabu haikuwa na fedha, na vibali vya Libya ni vigumu. Fedha kweli hazikuwepo. Mara haina tajiri wa kuandika hundi kila Jumatatu, na hata mechi za nyumbani za kombe hili zilichezwa Dar, mbali na Uwanja wa Karume wa Musoma, jambo ambalo bado linauma. Lakini ugumu wa Libya ulijulikana tangu ratiba ilipotoka, na jambo gumu ndilo huanza kushughulikiwa mapema. Simba ya 1979 ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapahapa nyumbani. Ilikuwa na kila sababu ya kukata tamaa, lakini kina Thuwein Ally wakapanda kwenda Zambia na kushinda 5-0. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo na bao moja tu mkononi, ikaivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti. Wazee wale walikuwa na akiba ya mabao ndogo kuliko ya Biashara, au hawakuwa nayo kabisa, na walisafiri.

Benchi la ufundi lilifanya kazi yake: nafasi ya nne msimu wa 2020/21, kisha Dikhil ya Djibouti ikatolewa. Kilichoangushwa kiliangushwa ofisini, na wachezaji ndio waliolipa. Msimu huohuo wa 2021/22 ulipoisha, Biashara United ilikuwa imeshuka daraja.