Kitita Kimoja, Wachezaji Watatu: Hesabu ya Poka na Umeme wa Mto Ruzizi

Katika poka, mchezo wa karata ambamo kila mshiriki huweka dau huku akificha karata zake, na mshindi huchukua kitita, yaani jumla ya madau yaliyowekwa katikati ya meza, hesabu inayomfaa mchezaji mbele ya mpinzani mmoja huharibika mara tu mpinzani wa pili anapoamua kubaki mchezoni. Ree mbili, ambazo ndizo karata bora za kuanzia katika aina ya Texas Hold'em, hushinda takriban mara 85 katika 100 dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote zile, lakini hushuka hadi 73 wapinzani wakiwa wawili, 64 wakiwa watatu, na chini kidogo ya 50 wakiwa watano. Karata hizo hazijageuka mbovu, kwa kuwa kitita nacho kimekua. Kilichobadilika ni kwamba mwenye nazo sasa hupoteza mara nyingi zaidi, na hana budi kuacha kuziona kama ushindi uliokwisha kupatikana.

Badiliko kubwa zaidi limo katika tishio tupu, yaani dau zito linalowekwa na mwenye karata dhaifu ili wengine watupe karata zao. Dau linalolingana na kitita humlipa mwenye kutishia iwapo wapinzani watajitoa zaidi ya nusu ya nyakati. Basi mpinzani anayejitoa mara 60 katika 100 ni windo zuri, lakini wawili wa tabia hiyo hujitoa kwa pamoja mara 36 tu, na watatu mara 22 hivi. Kutikisa kiberiti mbele ya meza iliyojaa ni kuchoma fedha.

Upande wa wanaotishiwa nao una hesabu yake, ambayo husahaulika kwa urahisi. Ili tishio lisilipe, mpinzani mmoja asijitoe zaidi ya mara 50 katika 100, ilhali wapinzani wawili wanaweza kujitoa kila mmoja hadi mara 71 hivi, kwa sababu 0.71 mara 0.71 ni takriban nusu. Wajibu wa kumzuia mtishaji hugawanyika, kila mmoja akimwachia jirani sehemu ya mzigo, na mambo huharibika pale wote wanapoachiana mzigo kupita kiasi. Wanahisabati John Nash na Lloyd Shapley walichambua poka nyepesi ya watu watatu mwaka 1950, wakati ambapo nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi yanayotegemeana, ilikuwa imezoea zaidi mashindano ya wawili.

Meza ya namna hiyo ipo katika Wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, mahali ambapo Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu ukiitenga Rwanda na mji wa Bukavu. Kituo cha umeme cha Ruzizi I kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Ubelgiji ilipokuwa ikitawala Kongo na Ruanda-Urundi, kwa hiyo mchezaji alikuwa mmoja. Baada ya uhuru wakawa watatu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi, na jibu lao likawa kampuni ya pamoja, SINELAC, iliyoundwa mwaka 1983 chini ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na ambayo kituo chake cha Ruzizi II kilianza kazi mwaka 1989, umeme wake wa takriban megawati 44 ukigawanywa kwa theluthi. Burundi haina ukingo mahali hapo, kwani mto huifikia chini zaidi, kwenye makutano na Mto Ruhwa. Hata hivyo ilipewa fungu sawa na wenye kingo, na huo ndio uamuzi wa kijasiri kuliko yote katika mpango ule.

Katika poka anayeamua mwisho ndiye mwenye nafasi nzuri. Mtoni aliye juu ndiye huamua kwanza, na uamuzi wake huwafikia wote walio chini. Ziwa Kivu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,400, hivyo sentimita moja ya kina chake ni mita za ujazo milioni 24, ambazo mto unaopitisha mita za ujazo 100 kwa sekunde ungezimaliza kwa muda usiofika siku tatu. Mwenye kushika malango ya Ruzizi I anashika ghala la wote. Lakini akitishia kuyafunga atazikosesha maji turbini zake mwenyewe kabla ya kumwumiza jirani, na kila aliyeko mezani analijua hilo. Tishio hilo ni tupu.

Hatari halisi imekuwa kwenye malipo. SINELAC huyauzia umeme mashirika ya nchi tatu, na malimbikizo ya madeni yao yamekuwa tatizo la miaka mingi, kwa maana anayechelewa kulipa anajua kwamba turbini zitaendelea kuzunguka kwa fedha za wenzake. Hapo ulinganisho na poka una mpaka: kitita cha karata hakipungui wachezaji wanaposubiriana, ila mtambo usionunuliwa vipuri huzalisha kidogo zaidi kila mwaka, na wote watatu hugawana upungufu.

Mpango wa Ruzizi III, wenye megawati 206, sawa na karibu 69 kwa kila nchi, umeongeza mchezaji wa aina nyingine. Ndani yake wamo wawekezaji binafsi, miongoni mwao kampuni ya IPS ya Mfuko wa Aga Khan wa Maendeleo ya Kiuchumi, wakiwa na hisa nyingi kuliko serikali tatu zikijumlishwa. Mwekezaji wa namna hiyo, tofauti na dola jirani, hawezi kuvumilia deni kwa ajili ya udugu, na mkopeshaji wake hutaka kujua ni nani atakayelipa fungu gani kabla zege halijamwagwa. Maji yatakayofika huko yatakuwa yamekwisha kupita Ruzizi I na Ruzizi II, kwa hiyo mkataba wa fedha pekee hautatosha. Ratiba ya malango nayo itahitaji msimamizi, kazi ambayo nchi hizo tatu zilikusudia kuiweka mikononi mwa ABAKIR, mamlaka ya bonde la Kivu na Ruzizi ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2014.