Usanifu Uliogawanywa: Uhakiki wa Somo la Sanaa katika Sekondari ya Chini nchini Uganda

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutekelezwa nchini Uganda mwaka 2020 umesifiwa, na kwa haki, kwa kutanguliza umahiri badala ya kukariri. Somo la Sanaa na Usanifu lilistahili kunufaika kuliko yote. Limebaki, hata hivyo, somo la kuchagua, na usanifu wenyewe umekatwa vipande viwili: kimoja kimo humo, kingine kimo katika Teknolojia na Usanifu, nalo pia la kuchagua. Mgawanyo huo unaashiria kwamba uzuri wa kiti na uimara wake ni mambo ya madarasa mawili.

Fundi wa Buganda haujui mpaka huo. Mtengenezaji wa nguo ya gome la mti wa mutuba, ufundi uliomo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2008, huambua gome msimu wa mvua, akalifunika shina kwa majani ya mgomba ili lipone na livunwe tena. Gome hulitwanga bandani, lisikauke upesi, kwa nyundo za mbao zenye mifuo mipana kwanza, kisha myembamba. Rangi yake ya udongo mwekundu hukolea juani. Hapa umbo, zana, mali ghafi na utunzaji wa mti ni uamuzi mmoja. Mwanafunzi anayemchora fundi huyo kwa penseli amejifunza kuchora. Usanifu bado hajaugusa.

Kasoro hii haikuanza na mtaala mpya. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha barazani kwake mwaka 1937 na ambaye shule ya sanaa ya Makerere ina jina lake, anakumbukwa zaidi kwa picha za wanafunzi wake, miongoni mwao Sam Ntiro kutoka Tanganyika. Yeye huyo pamoja na Klaus Wachsmann walichapisha mwaka 1953 kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda. Urithi huo wa pili ndio uliopaswa kuingia madarasani.

Kikwazo kizito zaidi ni upimaji. Tathmini endelevu ina asilimia 20, mtihani wa mwisho 80. Uwiano huu huenda ukafaa jiografia. Katika usanifu unaadhibu kitu kile kile kinachofundishwa: jaribio la tatu lililovunjika na sababu ya la nne kusimama. Daftari la michoro na majaribio, pamoja na yaliyoshindikana, linastahili angalau nusu ya alama za somo hili.

Hoja ya gharama haipaswi kupuuzwa. Rangi na karatasi ni ghali, na husemwa kwamba udongo, magome na nyuzi za mgomba ni bure. Si kweli kabisa. Fundi anayeitwa shuleni hupoteza siku ya kazi, na malipo yake yanahitaji kifungu katika bajeti ya shule, kama chaki ilivyo na chake.