Askari wa Kawaida Katika Tarikhi ya Vita vya Abushiri

Ndugu msomaji, ukitoka Dunda, mjini Bagamoyo, ukaelekea ufukweni, utayakuta makaburi ya Wadachi. Yapo pale, na majina ya waliozikwa yameandikwa. Lakini muulize mwenyeji: wako wapi waliokufa pamoja nao, na waliokufa wakipigana nao? Hapana jibu. Kasoro hiyo ya makaburi ndiyo kasoro ya tarikhi yetu, nayo ndiyo tunayotaka kuijadili.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliwapa Wadachi wa kampuni mamlaka juu ya mwambao wa Mrima. Agosti mwaka huohuo watu wa Pangani walikataa, na Septemba vita vikafika Bagamoyo. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann alilivunja boma la Abushiri bin Salim al-Harthi karibu na mji huu, na Desemba 15 Abushiri alinyongwa Pangani. Bwana Heri wa Sadani alisalimu amri mwaka 1890.

Angalia vizuri: maelezo yote hayo ni ya wakubwa. Hata Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanazuoni aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, kama watunzi wengi wa tenzi za vita, ameweka mbele viongozi. Hatumlaumu. Lau si yeye, tungebaki na sauti ya Wadachi peke yake. Tunaowalaumu ni sisi tuliokuja baadaye, tuliochukua kisa na kukiacha palepale.

Kosa la kwanza ni kusimulia kwamba Waislamu walikuwa upande mmoja na makafiri upande wa pili. Sivyo. Nguzo ya jeshi la Wissmann ilikuwa Wasudani aliowaandikisha Misri, na wengi wao walikuwa Waislamu. Walikuwa askari wa serikali ya Misri, na wakakosa kazi baada ya wafuasi wa Mahdi kuishika Sudan. Khartoum ilianguka Januari 1885. Yaani walikuwa wametoka kwenye vita vya Waislamu kwa Waislamu, wakaja kupigana na Waislamu wengine Mrima.

Kosa la pili ni kuwaita mamluki, kisha tukafunga kitabu. Wengi wao walifuatana na wake na watoto. Kambini palikuwa na jiko, mtoto mgonjwa, na mke anayengoja mshahara wa mumewe. Walilipwa zaidi kuliko askari waliochukuliwa hapa mwambaoni, na jambo hilo peke yake latosha kutia chuki kati ya watu wa jeshi moja. Kuyajua haya si kuwatakasa. Aliyeua kwa dhulma ameua kwa dhulma, hata kama ana njaa. Lakini kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza.

Kosa la tatu liko upande wetu. Wafuasi wa Abushiri hawakuwa kitu kimoja. Walikuwamo Waarabu, Washirazi, Wazaramo, wapagazi wa bara na watumwa, na kila kundi lilikuwa na lake lililolitoa nyumbani. Mwisho wa vita Abushiri aliwaleta Mafiti, nao wakaziteka nyara nyumba za Wazaramo. Mkulima aliyekimbia na mkeka wake hakuuliza anayemfukuza anapigania nini.

Hapa fiqhi inaingia. Surat Al-Hujurat, aya ya 9, inazungumzia makundi mawili ya waumini yanayopigana, na haikuliondolea lolote jina la imani. Katika mlango wa bughat, mafakihi wa Kishafii wamefundisha kwamba majeruhi hamalizwi, anayekimbia hafuatwi, na mali haiwi ngawira. Je, hukumu hizo zinamhusu Msudani aliye chini ya amri ya Mdachi? Zinamhusu vipi aliyepora kwa Mzaramo? Haya ni maswali ya kweli, na hayajibiwi na anayejua majina ya majemadari tu. Hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe.

Mtu atasema: askari hawakuandika, basi tutajua wapi? Ni kweli kwamba mengi yaliyoandikwa ni ya maofisa na mapadri. Lakini wanazuoni wa hadithi walitufundisha kumwuliza kila mpokezi: ulikuwa wapi, na uliona nini? Tuwaulize hivyohivyo maofisa. Ofisa anapolalamika kwamba wanawake wanachelewesha msafara, ametuambia bila kukusudia kwamba wanawake walikuwamo. Na wazee wetu waulizwe kungali mapema, kabla yaliyohifadhiwa majumbani hayajapotea.

Tusiwaheshimu wafu kwa kuwasingizia usafi, wala tusiwahukumu kwa kutowajua. Wallahu aalam.